Dimbwi la Chini

Jumapili tatu mfululizo nimezunguka pembezoni mwa Dar es Salaam nikitafuta maji ya kuogelea. Usinicheke, rafiki yangu. Najua bahari ipo. Najua pia hoteli zina mabwawa yao ya vigae vya buluu, na kwa uwezo niliojaliwa naweza kumpeleka binti yangu kwenye lolote alitakalo. Lakini maji ya hotelini yananuka dawa, na ya baharini yana chumvi na kelele. Mimi nilitaka maji baridi yasiyo na geti, yenye majani makavu juu na mchanga chini. Tulikwenda Pugu, tukapita Kisarawe, tukafuata kijito kimoja mpaka tukakuta kinabeba mifuko mingi ya plastiki kuliko maji. Jumapili ya tatu tukapata shimo la wachimba mchanga lililojaa maji ya mvua, yametulia, yanang'aa. Nilikuwa nimeshafungua vifungo vya shati mlinzi alipokuja mbio.

"Mzee, ondoka hapo! Hilo halina sakafu. Limeshameza watu."

Tukarudi garini. Binti yangu, mwenye miaka tisa na ulimi wa mwanasheria, akanigeukia. "Baba, kwani wewe ulijifunzia wapi kuogelea?"

"Kwetu. Newala."

"Si ulisema kwenu hakukuwa na maji?"

Nikawasha gari. Mimi, mwenye stashahada ya ufundi wa maji iliyowekwa kwenye fremu ukutani, mimi ambaye mainjinia wenye digrii hunipigia simu pampu ikiwagomea, nikakosa jibu la mtoto. Wiki iliyofuata nikaomba likizo, nikapakia mabegi, tukaondoka kwenda kumwonyesha.

Gari ni langu, nimelinunua kwa jasho langu, na nililiosha kabla ya kuingia Ndanda ili hata watakaoniona barabarani waone. Siku ya pili tulikula ugali na maharage pale Ndanda, tukafika Masasi jua likiwa utosini, tukanunua korosho, tukaanza kupanda. Kadiri tulivyopanda ndivyo nilivyozidi kupunguza mwendo. Binti yangu akadhani nimechoka. Ukweli ni kwamba nilikuwa narudi mahali nilipomponza mtu, na mtu huyo hayupo tena wa kumwomba radhi.

Kwa wewe usiyepajua kwetu, nikueleze. Kijiji chetu kiko juu, upande wa Kitangari, pale ardhi inapokatika ghafla na kuliacha bonde chini. Juu kuna udongo mwekundu, mikorosho, muhogo na upepo mzuri. Maji yako chini. Ukitaka kunywa, unateremka. Ukishachota, unapanda na ndoo kichwani. Nilipokuwa mdogo safari hiyo ilikula nusu ya siku, na wakati wa kiangazi, foleni ilipokuwa ndefu, ilikula siku nzima. Nyumbani maji tuliyapima kwa kata. Kata moja ya kunawa uso na miguu, kata mbili za kupikia mboga. Yaliyooshewa vyombo tuliimwagia miche ya mipapai. Mgeni akija, heshima ya kwanza ilikuwa kumpa maji, na mgeni mwenye adabu alibakiza.

Nililelewa na bibi, mama yake mama. Bibi hakuzaliwa juu. Alizaliwa kandokando ya Ruvuma, akaolewa kwetu akiwa binti mbichi, na wanawake wa kijijini walikuwa bado wanamwita "mtu wa mtoni" wakati nywele zake zimeshakuwa nyeupe. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, mwenye kunyamaza sana. Alfajiri aliniamsha kwa kunigusa sikio. Nilibeba kidumu, yeye ndoo na ngata ya kitambaa cha kanga. Njiani tulitafuna ming'oko, mizizi ya porini ya kwetu, iliyochemshwa tangu jana, ya baridi, yenye ladha ya vumbi na utamu wa mbali ambao sijaupata katika chakula chochote cha mjini. Chini tulisikia ndoo zikigongana na wanawake wakitaniana kabla hatujawaona.

Chemchemi ilikuwa na ngazi tatu. Juu kabisa palikuwa na kisima kilichozungushiwa mawe, hapo ni pa kunywa tu. Hakuna aliyetia hata kidole. Ulichota kwa kata yenye mpini mrefu, taratibu, usitibue. Yaliyofurika yaliteremka kwenye dimbwi la kati, la kufulia. Yakapita tena kwenye mawe, yakachujika mchangani, yakaishia kwenye dimbwi la chini, nyuma ya matete, ambalo halikuwa na kazi maalumu. Lilikuwa la kina cha kifua cha mtu mzima, baridi, na majani ya mikuyu yalikuwa yakielea juu yake. Watu walinawa miguu hapo wakaondoka. Watu wa juu hawaogelei, rafiki yangu. Utamwambiaje mtu aliyepanda mlima na ndoo kichwani kwamba maji ni kitu cha kuchezea?

Lakini bibi alijua. Siku moja, tukiwa tumeweka ndoo zetu kwenye foleni nyuma ya ndoo nyingi, aliniongoza nyuma ya matete. Akatazama huku na huku. Akajifunga kanga kifuani, akaingia majini bila kelele, akalala chali. Nilidhani amekufa. Macho ameyafumba, mikono ameitandaza, kanga imefura pembeni yake, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona akiwa jikoni, wala shambani akipalilia mikorosho ya watu.

"Njoo," akasema bila kufumbua macho. "Maji hayashikwi. Yanalaliwa."

Alinifundisha kiangazi chote. Aliweka kiganja chini ya kisogo changu, mimi nikitetemeka na kumeza maji, yeye akinong'ona nilegeze shingo, nilegeze shingo, maji yanamjua mwenye hofu. Siku nyingi nilizama kama jiwe la kusagia. Kisha asubuhi moja nikalala, nikaona anga kati ya majani ya mkuyu, nikasikia moyo wangu masikioni.

"Bibi, usiniachie."

"Nilikuachia zamani," akajibu, na nilipogeuza kichwa nikamwona amekaa juu ya jiwe, mbali, anatafuna mng'oko.

Alinipa sharti moja tu. "Hili ni letu wawili. Juu hawatalielewa."

Ningeweza kulitunza. Nilikuwa na akili tangu utotoni. Darasani nilikuwa wa kwanza, mwalimu alikuwa akinisimamisha niwasomee wakubwa zangu. Lakini kuwa na kitu usichoweza kukionyesha, kwa mtoto kama nilivyokuwa mimi, ni adhabu. Ikafika siku moja mwishoni mwa kiangazi, maji yamepungua, kisima cha juu kimebaki na maji ya kufika kiunoni mwangu, na wanawake wamekaa wakisubiri yajae. Bibi alikuwa kichakani akitafuta kuni. Kijana mmoja wa rika langu akaniambia naogopa maji kama kuku. Vicheko vikalipuka. Nikamjibu kwamba nitawaonyesha. Na ningeweza kuwapeleka dimbwi la chini, lakini kule hakukuwa na watazamaji. Nikavua fulana, nikaruka ndani ya kisima cha kunywa.

Nililala chali. Niliitandaza mikono vizuri kabisa. Sauti ya kwanza niliyoisikia nilidhani ni ya kunishangilia.

"Mama weee! Huyu mtoto wa nani anaoga ndani ya mtungi wa watu?"

Nikasimama. Tope lilikuwa limepanda kutoka chini, maji yamekuwa kama uji wa ulezi. Mama mmoja aliyekuwa akisimamia foleni, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ambo, alikuwa amesimama juu ya mawe ameshika kata.

"Toka! Nani kakufundisha ushenzi huu?"

Hapa ndipo nilipomponza, rafiki. Ningesema nimejifundisha mwenyewe. Ningelia tu, mtoto akilia yanaisha. Lakini nilikuwa nimeaibika, na aliyeaibika hutafuta kitu cha kujivunia.

"Bibi yangu! Anajua kuogelea kuliko nyinyi wote! Kila siku tunaogelea pale chini!"

Wakageuka wote. Bibi alikuwa ametokea na mzigo wa kuni kichwani. Jirani akamgeukia, na hakupiga kelele tena. Alisema polepole, ikawa mbaya zaidi.

"Kumbe. Sisi tunahesabu kata, mwenzetu analaza mwili mzima."

"Mtu wa mtoni huyo," akadakia mwingine. "Ametuona wajinga miaka yote hii."

Bibi akashusha kuni. Hakuniangalia. Hakuwaambia kwamba dimbwi la chini halikuwa la kunywa, kwamba hakuwahi kuchafua tone la mtu, ingawa ilikuwa kweli na wote walijua ni kweli. Akapiga goti kidogo, mikono pamoja, akasema, "Nimekosa, jamani."

Kwetu palikuwa na utaratibu. Aliyetibua kisima, mjomba wake aliletwa na unga wa mtama, akaunyunyiza kando ya maji na kuomba msamaha kwa waliotangulia. Kisha nyumba ya mkosaji iliwekwa mwisho wa foleni mpaka mvua za kwanza. Mjomba akaja, akanyunyiza unga, akanichapa viboko nilivyostahili. Na kuanzia kesho yake bibi akawa wa mwisho. Hata akifika wa kwanza, alikaa pembeni mpaka ndoo ya mwisho ijazwe, hapo jua limeshakuwa kali, ndipo anachota na kupanda. Mbele ya macho ya watu wote. Nyuma ya matete hakwenda tena.

Nilidhani mvua zikija atarudi. Mvua zikaja, foleni ikaisha, nikamvuta kanga kuelekea matete. Akasema, "Miguu yangu imechoka, nenda wewe." Mwaka uliofuata vilevile. Hakuwahi kunilaumu, hata mara moja. Angenilaumu ningelala usingizi bora. Alikuwa na kitu kimoja tu alichotoka nacho kwao mtoni, nami nikakitoa hadharani nipate kusifiwa.

Niliondoka kwenda sekondari, kisha chuo. Nilisoma kwa hasira. Nilichagua maji, na watu wakiniuliza kwa nini husema ni kwa sababu ya shida za kwetu, na si uongo. Kila barua, baadaye kila simu, nilimwahidi bibi: nikimaliza nitakupeleka Ruvuma, ukalale majini tena, usiogope mtu. "Sawa, mume wangu," alikuwa akinijibu, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. Nilimaliza. Nikapata kazi. Nikajenga. Likizo hii nina ukaguzi, likizo ijayo nina kozi. Siku aliyofariki nilikuwa ukumbini nahitimu kozi hiyo, navalishwa joho, napigwa picha, na simu nilikuwa nimeizima.

Basi tulifika. Nikamteremsha binti yangu bondeni kwa njia ileile, sasa imeota nyasi kwa sababu hakuna anayeipita. Kisima cha juu kimejengewa sanduku la zege lenye kufuli, bomba linatoka na kupanda mlima. Nilikagua kazi ile kwa jicho la fundi. Ni kazi nzuri, mimi mwenyewe ningefanya hivyohivyo. Maji yote yanakwenda juu, yanakohitajika. Hakuna yanayofurika. Dimbwi la kati ni majani. Palipokuwa na matete hakuna tena matete. Kuna shimo la mchanga lisilofika kiunoni, na jiwe moja pembeni.

"Ni hapa, Baba?"

"Ni hapa."

Akatazama shimo, akanitazama mimi, akaenda kukaa juu ya jiwe.

Tulipopanda tukapita kwa jirani, yule msimamizi wa foleni. Amekonda, macho yake hayaoni vizuri. Binti yangu akampa shikamoo kwa adabu, naye mama akaitikia marahaba mara tatu, akanishika mikono.

"Ndiye yule aliyeoga kisimani?" akacheka. "Umekuwa bwana mkubwa, nasikia gari lako linanuka manukato." Kisha kicheko kikaisha. "Umeliona bonde?"

"Nimeliona, mama."

Akachezea ukingo wa kanga yake. "Bibi yako alipozidiwa aliniomba mimi nimteremshe bondeni. Nikamwambia dada, maji yamefungwa, chini hakuna kitu. Akasema, basi nimwagie hapahapa. Nikatandika mkeka pale kwake uani. Akalala chali, akatandaza mikono hivi, akafumba macho. Nikamwagia maji ya bomba, taratibu, kuanzia kichwani."

"Ndoo nzima?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Ndoo mbili, mwanangu. Sikuhesabu kata."

Nikamwomba anionyeshe mahali. Alitembea kwa mkongojo mpaka uani kwa bibi, akaugusa udongo kwa ncha yake, kati ya shina la mpapai na jiko la zamani. "Hapa."

Nimesomea namna ya kupandisha maji kutoka bondeni mpaka juu. Kuna vijiji vinavyokunywa kwa sababu ya mikono yangu, na hilo sitaacha kulisema mbele ya yeyote. Lakini binti yangu hajui kuogelea mpaka leo, na mahali nilipotaka kumwekea kiganja chini ya kisogo pamebaki mchanga. Aliyejua kukiondoa kiganja bila mtoto kuhisi, ameshakwenda, na sikumwambia "nimekosa", lile neno alilolisema yeye kwa ajili yangu mbele ya watu wote.

Nikavua viatu, nikasimama pale alipogusa mkongojo. Ulikuwa ni udongo mwekundu kama mwingine wa kwetu, mkavu.