Siku Mama Alipofungua Milango ya Kabati

Juzi nilipita kwa seremala mmoja pale Gisimenti, mtaani Remera. Harufu ya vanishi iliponifikia, miguu yangu ikaanza kuharakisha yenyewe.

Tulikuwa hatujakaa sana Remera tangu tutoke Tanzania. Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, nilirudi kutoka shule nikamkuta mama ameng'oa milango yote ya kabati la jikoni, ameilaza uani, anaipiga msasa. Kwaruu, kwaruu, nyusi zake zimejaa vumbi la mbao. Vyombo vilikuwa kwenye maboksi, na kopo la vanishi pembeni. Leo najua kwamba mtu anayehama hahangaiki na vanishi. Siku hiyo nilijua jambo moja tu: kwetu, kabati likitolewa milango, ni ili lipite mlangoni lipande lori.

Nikavaa viatu vya kanisani, nikafunga nguo zangu kwenye kitenge. Nikawa natoka getini na kurudi, natoka na kurudi, nikisikiliza kila gari linalopanda kilima.

"Mbona hutulii, wewe?" mama akauliza.

"Lori linakuja saa ngapi?"

Mama akaweka msasa chini. Akakitazama kifurushi changu, akanishika mkono hadi kwenye kabati tupu, akaniambia ninyooshe mkono juu. Vidole vyangu vilipofika, akachora mstari kwa penseli.

"Hapa napigilia rafu ya kikombe chako. Haya, vua viatu hivyo uje unishikie mlango."

Nilivivua. Lakini kifurushi sikukifungua mpaka vanishi ilipokauka.