Mfuko Uliofungwa

Kaka yetu alipofariki ughaibuni, alituachia mimi na dada yangu hisa katika mfuko wa uwekezaji wa kimataifa, uliotuletea pesa kidogo kila mwezi. Dada, anayefuga ng'ombe Werugha, alitaka tuzitoe zote ajenge zizi, kwa hivyo tukateremka Voi kumwona wakala wa hisa, mama mmoja mpole.

"Mfuko huu umefungwa," alitueleza. "Haurudishi pesa. Mkitaka kutoka, mtauza hisa zenu sokoni, na huenda bei ikawa chini ya thamani ya mali iliyomo."

"Na hizi za kila mwezi zinatoka wapi?" dada akauliza.

"Mara nyingi ni riba. Miezi mingine mnarudishiwa mtaji wenu wenyewe."

"Si umesema haurudishi?"

Mama alieleza tena, polepole: sisi hatuwezi kudai mtaji wetu, ila mfuko wenyewe, riba ikipungua, hujazia malipo ya mwezi kwa kuumega mtaji huo. Dada alinitazama mimi niliyesoma uhasibu, nami nikaomba karatasi za mfuko nizisome upya.

Hatukuuza. Zizi analijenga kwa pesa za maziwa. Pesa za mfuko hazigusi, maana anasema hajui kama anakula faida au anamla kaka yake.