Fundo la Tatu

Pa! Pa! Pa!

Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia kabla sijaona kitu. Nguo ilikuwa ikikung'utwa ndani ya nyumba yetu, nyumba ambayo muda mfupi tu kabla yake nilikuwa nimeifunga kwa kufuli mimi mwenyewe, na ufunguo nilikuwa nao mkononi. Sikuota. Sikuwa na homa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na akili zangu timamu, na jua lilikuwa halijazama. Ukitaka ushahidi nitakupeleka kwa ndugu yangu Sefu, umtazame kuanzia kiunoni kwenda chini. Kisha urudi uniambie kama mimi ni mwongo.

Lakini nianze na safari.

Ijumaa ile mashine ya kuchambulia mkonge iliharibika, na baba, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani pale Mwera, akaambiwa apumzike hadi Jumatatu. Alirudi saa tisa, mafuta ya mashine bado yakiwa mikononi, akasimama mlangoni akicheka peke yake.

"Mama watoto," alisema, "twende dago!"

Kwetu, kwenda dago ni kuhamia ufukweni siku mbili tatu, watu wakavua, wakapika na kulala hapo hapo mchangani chini ya turubai au makuti.

"Lini?" mama aliuliza.

"Leo. Bamvua imeanza, maji yatakupwa mpaka pweza watembee wenyewe. Lori linakwenda Ushongo kuchukua nazi, dereva amekubali kutupakia bure. Linaondoka kabla ya magharibi."

"Leo hii hii? Mtu hufunga mizigo kama anayefukuzwa na nyuki?"

Lakini nilimwona anatabasamu. Mama alizaliwa pwani, na shamba la mkonge lilikuwa limemkausha kama linavyokausha kila kitu. Akatandika shuka sakafuni, akaanza kupanga. Unga wa muhogo. Chumvi ya kukaushia samaki. Kibiriti alikitia ndani ya mkebe kisije kikalowa. Sufuria kubwa aliitia vyungu vidogo tumboni ili tusibebe hewa. Mbuzi ya kukunia nazi, kisu, debe la maji, na tanga kuukuu la mashua ambalo lingekuwa paa letu. Baba akaja na kiti.

"Kiti cha nini?" mama akauliza. "Unakwenda kuvua au kuhukumu kesi?"

"Mtu mzima hakai mchangani."

"Basi kibebe kichwani, Bwana Hakimu, shuka langu halina nafasi."

Tukacheka wote, hata Sefu, aliyekuwa na miaka minne na alikuwa akicheka kwa sababu sisi tunacheka. Alikuwa akikimbia kuizunguka mizigo, mbio zisizo na mwisho. Nazikumbuka mbio zile. Niamini, hakuna kitu ninachokikumbuka kama mbio zile.

Tulikuwa tumeshapanda lori pale barabarani mama alipojipiga paji la uso.

"Chandarua cha Sefu! Kiko kwenye kamba chumbani. Kimbia, mwanangu." Kisha akanishika mkono. "Nyumba tumekwisha kuiaga. Piga hodi kabla hujaingia."

"Nimpigie hodi nani, mama, na sisi sote tuko hapa?"

"Nimekwambia piga hodi."

"Fanya upesi, binti," dereva akasema, "nazi zangu hazina subira!"

Nikakimbia. Nilipofika ukumbini ndipo nikaisikia ile sauti, pa, pa, pa, jinsi mama anavyokung'uta nguo kabla ya kuikunja. Utasema, kwa nini hukurudi mbio? Nami nakujibu: kwa sababu ilikuwa sauti ya mama. Kila mtu ana namna yake ya kukung'uta nguo, na ile ilikuwa yake. Nikajiambia amepita njia ya mkato, ameingia kwa mlango wa uani. Na nani anayempigia mama yake hodi? Nikafungua kufuli, nikaingia kimya.

Alikuwa amechuchumaa katikati ya chumba, amenipa mgongo, amejifunika kanga ya mama ya maua mekundu. Chandarua alikuwa amekwisha kukitoa kwenye kamba, na sasa alikuwa akikiviringisha juu ya mkeka.

"Shikamoo, mama," nikasema. Sijui kwa nini nilimwamkia, maana tulikuwa tumeachana sasa hivi tu. Mdomo ulifanya wenyewe.

Hakuitikia marahaba. Akasema, kwa sauti ya mama, "Umechelewa. Njoo unishikie hapa nifunge."

Nikapiga magoti, nikashika. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki. Sisi tulilelewa kwamba mkubwa akikwambia shika, unashika, huulizi. Akatoa kipande chembamba cha bafta nyeupe, akakifunga upande wa chini. Fundo la kwanza. Nikamsogezea. Akafunga katikati. Fundo la pili. Mikono yake ilikuwa ya baridi, baridi ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

"Mama, lori linangoja," nikasema.

"Na kwenye lori umemwacha nani?"

"Baba na Sefu. Na..."

Sikumaliza. Mtu wa tatu niliyemwacha kwenye lori alikuwa ni mama. Nilimwona kwa macho yangu, amempakata Sefu.

"Na nani?" akauliza tena, polepole, bila kugeuka. "Basi shika huku juu. Tumebakiza fundo moja."

Nikakitazama tulichokuwa tunakifunga. Kilikuwa kirefu kama mtoto wa miaka minne. Kimeviringishwa kwa nguo nyeupe, kimefungwa miguuni, kimefungwa kiunoni, na kilichobaki ni kichwani. Mwaka mmoja kabla, bibi yangu alipofariki, nilichungulia mlangoni nikawaona wanawake wakimfunga hivyo hivyo. Fundo miguuni, fundo kiunoni, fundo kichwani.

"Shika," alisema. Haikuwa sauti ya mama tena. Haikuwa sauti ya mtu yeyote.

Nikaachia. Si kwa ushujaa, vidole viliachia vyenyewe. Nikarudi kinyumenyume hadi mlangoni, naye hakugeuka, wala uso wake sikuuona, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Mara ya mwisho nilimwona ameinama juu ya kile kifurushi, ameushika ule utepe wa tatu mkononi, anangoja. Nikafunga kufuli. Naam, nilifunga kufuli! Kana kwamba kufuli lilikuwa limemzuia kuingia.

Kwenye lori mama alinitazama mikono mitupu. "Kiko wapi?"

Sasa niseme nini? Ningesema nimekuona ndani, mama, na wewe uko hapa? Nikasema, "Sikukiona."

Mama akakunja uso. "Labda nilikitoa. Labda nilikianika nje." Lori likaondoka.

Tulilala Ushongo chini ya tanga lile kuukuu. Jumamosi yote Sefu alicheza majini. Usiku wa pili homa ikampanda, na Jumapili asubuhi alipotaka kusimama miguu ikakataa. Hospitalini walisema ni maradhi yanayowashika watoto, kwamba wengi hufa, na kwamba yeye ana bahati kwa kuwa yameishia kiunoni. Yameishia kiunoni! Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda, nikazitazama ncha za vidole vyangu.

Tuliporudi nyumbani niliomba niingie mbele. Kifurushi kilikuwa pale pale mkekani, mafundo mawili. Hayakufunguka kwa kucha wala kwa meno. Nikayakata kwa kisu, vipande vya bafta nikavichoma jikoni, chandarua nikakitundika kwenye kamba. Nilidhani nimefuta kila kitu. Kumbe baba, alipoingia amembeba Sefu mgongoni, jambo la kwanza aliloliona ni kile chandarua.

"Hiki hapa," akamwambia mama. "Mtoto alikikosa kwa haraka zake. Lakini wewe ndiye uliyefunga mizigo. Umekumbuka mpaka mbuzi ya nazi, chandarua cha mwanangu ukakisahau, mbu wakamtia homa."

Nami nikanyamaza.

Miaka minane nimenyamaza. Kwa hiyo wewe unayesoma, ukirudia kitu katika nyumba uliyokwisha kuiaga, piga hodi hata kama ufunguo ni wako. Ukikuta mtu ndani anakuita kwa sauti ya umpendaye, mwache ageuke kwanza, ndipo uinyooshe mikono yako. Na ukisha kuona, sema siku hiyo hiyo. Kimya nacho kinafunga.

Wiki iliyopita nilimwambia Sefu. Alikuwa mbele ya charahani yake ya mkono, anashona mfuko wa kanzu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuzungusha gurudumu, kisha akacheka, kicheko kile kile.

"Kwa hiyo kichwa uliniachia, dada. Basi ahsante, maana kwa miguu peke yake nisingejua kushona."

Nililia, nikacheka pamoja naye. Ndipo pazia la chumba cha pili likasogea. Mama alikuwa nyuma yake. Sijui alikuwapo tangu lini, ila uso wake uliniambia alikuwapo tangu mwanzo.

"Mama," nikasema.

"Miaka minane," alijibu, taratibu, kama anayehesabu lulu, "baba yako hajaacha kuniita mama aliyesahau. Nami miaka minane nimekubali."

Nikajaribu kumshika mkono. Akautoa, bila hasira. Akatundua buibui lake msumarini, akalivaa, akatoka, na mlango akaufunga nyuma yake polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.