Nilivyoifuata Nyota ya Ghala hadi Katoro

Ninyi mliokuwa mkijazana kwenye ghala la pamba pale Shinyanga kila Jumamosi, mmeniuliza mpaka nimechoka: ni kweli Nyota ya Ghala imefufuka? Ni kweli, nimeiona. Lakini msinisingizie kwamba nilifuata mpira. Mimi nauza mchele sokoni, na mpira na mimi wapi na wapi. Nilitumwa na baba.

Kwa msioijua, Nyota ya Ghala ilikuwa timu ya kulipwa ya soka la ndani. Watu watano kila upande, ukuta wa mbao kuzunguka uwanja, mpira hautoki nje hata uupige vipi. Golikipa alikuwa Kulwa, pacha wangu. Mimi ni Doto. Biashara ya pamba ilipolegea, tajiri aliyewalipa alifunga ghala, na wachezaji kadhaa wakaenda Geita kuchimba dhahabu. Mwaka huohuo duara, yaani shimo la wachimbaji, lilimfukia Kulwa. Mwili haukupatikana.

Huu ni mwaka wa nane na baba hajaruhusu tuanue matanga. Tulisema, majirani wakasema, padri akasema, wapi! Anataka kujua jambo moja tu: Kulwa alikufa papo hapo, au aliteseka? Tuliposikia kwamba aliyeifufua timu Katoro, hukohuko Geita, ni Baba Neema, beki wa zamani aliyekuwa na Kulwa duarani siku ile, baba alinishika mkono. Alisema niende nikamuulize, na nisirudi bila jibu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi. Isaka tulikawia, malori ya mizigo yamefunga barabara kama ng'ombe mnadani. Kahama nilibadilisha gari.

Ushirombo nilifika saa sita, njaa inaniuma. Mama ntilie alinipakulia ugali na sato, akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia Katoro, kutazama mpira wa ndani. Tabasamu lake likafifia.

"Ule wa kugonga mbao, mayu?" akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nilimwambia sijui habari za kugonga. Akasema mume wake alikwenda mara moja tu, na tangu siku hiyo hupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe hata kama anajua ndani hamna mtu, kisha husimama kusikiliza. Nilicheka. Yeye hakucheka, na sato akanishinda kumaliza.

Kutoka hapo nilipanda mchomoko, yale magari madogo ya abiria, tumebanana saba. Vumbi jekundu lilituingia mpaka masikioni. Tulipokaribia Katoro nilianza kusikia makarasha yanayosaga mawe, ngurumo isiyokata.

Saa tisa alasiri nilikuwa mlangoni pa ghala lao, lililokuwa la mpunga zamani. Baba Neema alinitazama usoni akarudi nyuma hatua moja. Ninafanana na Kulwa, ndiyo, lakini si kiasi cha kumrudisha mtu nyuma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, kisha akanionyesha benchi. Alisema mechi kwanza, maneno baadaye.

Watu walijaa, ila hapakuwa na vuvuzela wala matusi. Hapo ndipo golikipa wao alipoigeukia mbao nyuma ya goli akagonga: mara tatu, kimya, mara mbili.

Ile ilikuwa ishara ya Kulwa kwa mabeki wake, kwamba yuko nyuma yao, na hata nyumbani alipiga hodi hivyohivyo. Mabeki nao waligonga vilevile kumwambia wapo. Sasa ukumbi mzima uliitikia kwa viganja, tatu, mbili, vumbi likashuka toka darini. Kisha wote wakanyamaza. Wachezaji, mwamuzi, wauza karanga, kila mtu ameinamisha kichwa anasikiliza chini. Hata makarasha siku hiyo niliona kama yamenyamaza. Nilisikia kitu? Sisemi. Filimbi ikalia, wakacheza kama watu wengine wowote, wakashinda.

Baada ya mechi Baba Neema alinipeleka nyuma ya ghala. Hatua chache tu, palikuwa na bonde dogo lililoota nyasi. Akasema ndilo lile duara. Nikamuuliza swali la baba kama nilivyotumwa.

Alieleza huku ameutazama udongo. Siku ya kwanza walichimba, udongo ukashuka tena, wakaamini Kulwa amekufa. Siku ya pili na ya tatu kikasikika kishindo cha kugonga kutoka chini. Wakubwa wa duara wakasema huyo si mtu tena, kwa maana shimoni kuna mwiko: ukiitwa na usiyemwona, huitikii, ukiitikia unamfuata.

"Tatu, mbili," alisema. "Wao hawakumjua, Doto. Mimi nilimjua. Na sikumjibu."

Nilitaka kumpiga. Nilimshika shati, kisha nikamwachia, tukakaa chini tukalia wote wawili. Alisema timu ameifufua hapo ili Kulwa aitikiwe kila wiki. Wachezaji wenyewe hawajui sababu.

Kesho yake nilirudi Shinyanga, njia nzima natunga uongo. Baba alikuwa kitandani, anaumwa. Hata maji hakuniacha ninywe.

"Papo hapo, baba," nikasema. "Hakuteseka."

Alinitazama bila hasira.

"Usinionee huruma, mwanangu. Wiki ileile Kulwa alipofukiwa, mlango huu uligongwa siku mbili, mchana kweupe. Tatu, halafu mbili. Nikichungulia, hakuna mtu. Na mimi nikaogopa, nikanyamaza."

Kumbe miaka yote minane jibu alikuwa nalo. Nilichojifunza safarini ni kwamba mzee wangu hakukosa habari, alikosa mtu wa kuungama naye. Nikamwambia yote, pamoja na habari ya Baba Neema. Akauliza wanacheza tena lini.

Ijumaa tulianua matanga. Jumamosi nilimpeleka Katoro, mgonjwa hivyohivyo, akakaa benchi la mbele. Golikipa alipogonga, watu waliinua viganja, Baba Neema akawazuia. Baba akainuka, akashika mbao, akaitikia peke yake.