Chepchirchir Hakuanguka

Ukitaka kunikasirisha, sema mbele yangu kwamba Chepchirchir alianguka. Huku kwetu Sigowet walisema hivyo kwa miaka: ati alijikwaa shambani, uso ukatua kwenye visiki vya chai iliyopogolewa, macho yote mawili yakaenda. Mumewe, Isaiah, ndiye aliyeleta habari hiyo. Mama mkwe akasimama kanisani akaapa ni kweli. Chepchirchir akisema alipigwa, aliambiwa uchungu umemvuruga akili.

Mimi Drusilla, Mkisii niliyekuja kuchuma chai nikabaki, ni jirani yake. Nilimpeleka Kericho mjini kwa walimu wa wasioona. Akapata simu inayomsomea kwa sauti kila anachogusa, na akaijua upesi kuliko mimi mwenye macho. Mwanga wa kioo aliuzima kabisa. Unakula chaji bure na yeye haumfai kitu. Akaanza kuwafundisha wasioona wenzake, wakawa wanakuja hata kutoka Londiani. Hapo Isaiah akapandwa na mashetani.

Siku hiyo tulikuwa kituo cha kupimia majani ya chai tukisubiri lori, mama mkwe kando yangu. Chepchirchir akanipigia simu. Mikono yangu ilikuwa ndani ya kikapu, nikagusa spika kwa kiwiko.

Kwanza tulisikia kofi. Kisha kiti kikavunjika na Chepchirchir akalia.

"Leta hiyo simu! Unaitia nani?"

Halafu Isaiah akacheka. Lazima alikuwa ametazama kioo cha simu, akaona giza tupu.

"Kumbe imekufa. Imekufa tu kama macho yako."

Nilitaka kupiga kelele. Karani wa kituo akaniziba mdomo, Isaiah asitusikie.

"Ni wewe uliyeyaua," Chepchirchir akasema.

"Ndio, mimi. Hiyo siku nilitumia mpini ya jembe. Leo niko na panga. Na nani ataamini wewe? Mama mwenyewe aliapa ati ulianguka."

Kikapu cha mama mkwe kikaanguka, majani yakamwagika. Hakuna aliyeyaokota. Tulikimbia wote, na yule mama, na magoti yake mabovu, alikuwa mbele.

Tulimkuta Chepchirchir sakafuni, damu puani, mkono umepinda vibaya. Isaiah aliinua panga. Mama yake akamchapa kiganja kwa ule ufito tunaoulaza juu ya chai tukichuma, panga likaruka. Akaendelea kumchapa hadi ufito ukavunjika. "Ulifanya niape uongo mbele ya Mungu!" Kisha wanaume tuliokuja nao wakamvamia Isaiah kwa marungu na mateke. Mbavu zililia. Nami nilipiga, na sijuti hata kidogo.

Chepchirchir akatambaa kuifuata sauti ya vipigo, akipapasa miguu yetu.

"Mdomo hapana! Msimpige mdomo!"

Nilimkemea. "Bado unamhurumia huyu mnyama?"

"Simhurumii," akasema, akitema damu. "Nataka afike polisi akiwa anaweza kuyasema tena."