Novemba ya Mama na Chungu cha Mbegu

Tarehe 24 Novemba 1935 tulimpoteza mama, nyumbani kwetu upande wa Tinde. Nimesoma madarasa manne tu, lakini Novemba naijua.

Mwalimu wa misheni alitufundisha kwamba jina hilo ni la Warumi wa kale, na maana yake ni mwezi wa tisa, kwa kuwa mwaka wao ulianzia Machi. Baadaye mwaka ukahamia Januari, jina likabaki. Nilipomweleza mama, aliuacha mchi kwenye kinu akacheka.

"Yaani wana mwezi wa kumi na moja wanauita wa tisa, halafu unataka nipande kwa kalenda yao?"

Misheni, Novemba waliombea wafu. Bomani Shinyanga, tarehe kumi na moja, watu walisimama kimya kukumbuka mwisho wa vita vya Wazungu. Baba alibeba mizigo katika vita hivyo. Alikwenda kusimama nao. Kwa mama, Novemba ilikuwa kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo. Giza likiingia aliinjika ugali, akatazama mashariki. Kilimia kikiwa juu ya paa la ghala kabla ugali haujaiva, alipanda. Sikuwahi kuona akikosea.

Mwaka ule nzige walituachia mbegu ya mtama chungu kimoja tu. Mama aliugua, nikaomba ruhusa machimboni Geita, nikaja. Oktoba mvua ikanyesha siku tatu. Majirani wakapanda.

"Mama watoto, na sisi tupande," baba alisema. "Watu wanatucheka."

"Wacheke. Chungu changu hakiguswi."

Hakuweza tena kutoka nje, kwa hiyo kila jioni aliniuliza mimi kama kilimia kimetoka. Siku zangu za ruhusa zilikuwa zinakwisha. Jioni moja nilimdanganya.

"Kimetoka, mayu."

"Kiko wapi?"

"Juu ya ghala."

"Na ugali?"

Hata moto ulikuwa haujawashwa.

"Nenda Geita ukachimbe dhahabu yako, mwanangu. Mbegu niachie."

Sikwenda. Mtama wa majirani ulichipua, jua likaukausha wote. Mama aliishi mpaka akaliona hilo kupitia mlangoni, na hakumcheka mtu.

Siku ya tatu ya msiba, jioni, baba aliinjika ugali mwenyewe. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Tulisimama nje wawili. Kilimia kilikuwa juu ya ghala, na maji yalikuwa hayajachemka.

Kesho yake mvua ikanyesha. Baba alitoa chungu chini ya kitanda cha mama, akanimiminia nusu ya mbegu kwenye kibuyu. Tulianzia upande wa ghala, tukapanda mpaka chungu kikawa kitupu.