Mayai ya Wawi

Mlio wa yai likigongwa kwenye ukingo wa bakuli la kioo, ko, bado ninao masikioni. Siku hizo, mwanangu, nilikuwa msichana wa kucheka hovyo, niliyeishia kidato cha pili, naosha vyombo katika maabara ndogo Chake Chake. Tulichanganya mayai na dawa ya kijani, tukayapasha moto polepole ndani ya vichupa mpaka yakaganda. Hicho ndicho chakula cha vijidudu vya kifua kikuu. Unapanda makohozi ya mgonjwa juu yake, unangoja wiki nyingi. Vikiota, anaanzishwa dawa.

Mayai yalitoka kwa shangazi yangu, Bi Mize wa Wawi. Nilivyojiona! Nikiota kuwa ipo siku nami nitavaa koti jeupe.

Akaja Bi Tatu kutoka kisiwa cha Makoongwe, anakohoa. Chupa yake haikuota kitu. Fundi wetu wa maabara akamwambia, "Uko salama, kapike pweza wako."

"Basi leo mume wangu hali wali mkavu!" akacheka. Akarudi kulala kitanda kimoja na bintiye mdogo. Baadaye ikatufikia habari ya maziko yake.

Mkuu wetu, Mzee Khamis, hakuridhika. Akapanda vijidudu hai anavyovijua kwenye chupa za mkupuo ule ule. Havikuota hata kimoja. Akaniagiza nimpigie shangazi, nimuulize kuku wake wanakunywa nini.

"Walishikwa na mafua," shangazi akasema, "nikawafungulia vidonge vya rangi mbili ndani ya maji. Mie n'najuaje? Nyie mkiniuliza kama mayai mapya tu!"

Dawa ile ya kuua vijidudu ilikuwa imeingia mpaka kwenye yai. Mzee Khamis akamgeukia fundi. "Tumemtilia mdudu sumu, kisha tukamwambia mtu hana mdudu."

"Mzee, siku yake ilifika," fundi akajibu. Na wenzake wakaitikia, "Ndiyo hivyo."

Neno lile nililimeza kama shubiri, mwanangu, na utamu wa kazi haukunirudia.

Basi nisikilize. Usichokiona, usikimbilie kusema hakipo; jiulize kwanza kama ulikipa nafasi ya kuonekana. Na uzembe wa watu usimtwike Mwenyezi Mungu. Mola akupe ulimi wa kuuliza, akuepushe na kundi la waitikiaji.

Yule binti aliyelala na Bi Tatu hakutumiwa mtu wa kumpima. Nilishuka Mkoani, nikavuka peke yangu hadi Makoongwe, nikaulizia nyumba ya marehemu, nikapiga hodi.